Uzi: Ofisi ya mbunge wa jimbo hapa Pennsylvania inafanya kazi gani hasa? Tulio Lancaster, Erie, Pittsburgh na kwingineko tukutane hapa

MtuWaGhala (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Mwaka jana nilimlipa dola 80 ndugu mmoja "anayejua makaratasi" amjazie mama mkwe wangu fomu ya kurudishiwa sehemu ya kodi ya pango. Miezi ikaenda, hundi haionekani. Nikimpigia ananiambia, "Tulia kaka, serikali ina mambo mengi." Juzi ndiyo nagundua kwamba kuna ofisi, hatua chache tu kutoka duka ninaponunua unga wa sembe, ambayo ingeijaza fomu ileile bure. Ofisi ya mbunge. Nimepita mbele yake miaka mitatu nikidhani ni ofisi ya kampeni, maana dirishani kuna jina la mtu limeandikwa kubwa kama bango la mgombea.

Nimeona nisife na hili peke yangu.

Kabla hatujagombana, tuelewane kuhusu neno jimbo. Kwetu Tanzania jimbo ni pale mbunge anapogombea: jimbo la Segerea, jimbo la Kigoma Mjini. Huku jimbo ni Pennsylvania nzima. Kwa hiyo nikisema mbunge wa jimbo, namaanisha yule anayekaa bunge la Harrisburg, makao makuu ya jimbo, siyo wa Washington. Wengi tunawachanganya, na tukishawachanganya tunapeleka shida yetu mlango usio wake, tunarudi nyumbani tukisema hawa watu hawasaidii.

Bunge la Harrisburg lina Baraza la Wawakilishi lenye watu 203 na Seneti yenye 50. Gawanya watu milioni 13 kwa 203, kila mwakilishi anabaki na watu kama 64,000 hivi. Anarudi kwenye kura kila baada ya miaka 2. Seneta miaka 4. Ni kazi yao ya kudumu, mshahara unapita dola 100,000 kwa mwaka, na wanafungua ofisi mitaani zenye watumishi wa kukaa na wananchi. Siyo kila jimbo la Marekani liko hivyo. Kuna majimbo mbunge anakutana na wenzake miezi michache tu kwa mwaka, halafu anarudi shambani kwake au kwenye uwakili wake.

Nikampeleka mama. Alibeba makaratasi yake yote kwenye mfuko wa rambo, na ndani ya mfuko bahasha ya kaki, na ndani ya bahasha kitambaa. Yule mama wa mapokezi hakuchoka. Alifungua kimoja kimoja, akakunjua kila karatasi kwa kiganja, akapanga mezani. Kisha akaiweka nakala ya fomu aliyojaza ndugu yetu kando ya kadi ya Social Security (hifadhi ya jamii ya huku), akanigeuzia nione mwenyewe. Mama ana majina matatu, na kila karatasi imeyapanga upya kama viti vya harusini. Kwenye kadi, jina la baba yake liko mwisho. Kwenye fomu liko mwanzo, na la katikati limeachwa. Juu ya hayo, ile karatasi ya mwenye nyumba kuthibitisha pango, PA-1000 RC, haikuwa na sahihi yake.

Kumbe ndiyo hayo. Hakuna "serikali ina mambo mengi" wala nini.

Alipiga simu moja Harrisburg tukiwa tumekaa hapohapo, akatuchapia barua, akatuambia tumtafute mwenye nyumba asaini. Hakutudai hata senti.

KobeMjanja

Acha chai mkuu. Marekani hii hii, mtu akujazie fomu bure na asikudai kitu? Lazima kuna mahali wanakula.

MtuWaGhala

Wanakula mshahara, kutokana na kodi inayokatwa kwenye cheki yako kila wiki. Kwa hiyo umeshalipa. Ukipita bila kuingia, ni wewe uliyelipa nauli ukatembea kwa miguu.

MamaFuraha_Erie

Bandugu, jambo yenu. Miye niko huku Erie tangu 2016, na hii haiko chai. Kwetu Bukavu huyo tunamwita deputé wa provinsi, ni huyo huyo. Tofauti ni kwamba kule deputé unamwona kwa picha.

Huku ofisi ya deputé inaleta siku ya kuchana makaratasi. Mara ya kwanza nilicheka mpaka machozi. Lori kubwa linakuja kwenye maegesho, batu bamepanga magari kama wanaenda kubatizwa, kila mtu na maboksi yake ya bili za zamani na karatasi za benki, mashine inakula yote mbele ya macho. Nilimwuliza jirani kwa nini asichome tu nyuma ya nyumba kama sisi. Akaniambia ukichoma utaletewa polisi, ukitupa kwenye taka mwizi ataokota nambari yako ya Social Security. Sasa na mimi naenda kila mwaka.

Tena kuna cheti chenye muhuri wa dhahabu ambacho Baraza linatoa kwa wazee waliofika miaka mia, au kwa ndoa ya miaka 50. Kanisani kwetu mzee mmoja alipata. Wakasoma mbele ya watu, tarehe yake ya kuzaliwa Januari 1. Watu wakaangaliana, maana kanisani kwetu nusu nzima wamezaliwa Januari 1, siku ileile waliyoandikiwa kwenye kambi ya wakimbizi. Mzee mwenyewe aliniambia kwa sikio, "Mwanangu, miye sijui, lakini karatasi ni nzuri."

Wanjohi_wa_Burgh

Hamjambo wenzangu. Mimi niko Pittsburgh, Mkenya. Nauliza swali moja tu: huyu mheshimiwa anatoa nini? Kule kwetu ukienda ofisi ya CDF, ule mfuko wa maendeleo wa eneo bunge, unaenda kutafuta basari ya mtoto. Ukienda kwa MCA, diwani wa kaunti, unaenda na harambee mkononi. Hapa mnaniambia mtu anajaza fomu. Fomu nitajaza mwenyewe.

MtuWaGhala

Swali zuri, ndugu yangu. Hatoi pesa. Hana mfuko wa kugawa karo kama ule wa kwenu ulioanza 2003, wala ule wa kuchochea maendeleo ya jimbo tulio nao Tanzania. Ukimwomba mchango wa msiba atakupa pole na nambari ya ofisi ya kaunti.

Anachotoa ni simu. Maana yake ni hii: wewe ukipiga ile nambari ya umma unasikiliza muziki dakika 50 halafu inakatika. Mtumishi wa mbunge ana mtu wa kumpigia ndani ya idara, na idara inajua bajeti yake inapitishwa na nani. Baada ya kuona inavyofanya kazi, basari naiona kitu kidogo. Basari unapewa mara moja kwa mwaka na lazima umjue mtu. Simu hii hata mimi nisiyemjua mtu nimepigiwa.

Na hiyo fomu usiidharau. Kwa mzee wa miaka 65 na kuendelea, mjane kuanzia 50, au mwenye ulemavu kuanzia 18, marejesho yanafika hadi dola 1,000 kwa mwaka. Zamani mwisho ulikuwa 650. Sheria ya 2023 ndiyo iliyopandisha, ikasogeza na kiwango cha kipato hadi dola 45,000, na tangu hapo kinapanda kila mwaka kufuata gharama za maisha. Tena nusu ya malipo ya Social Security haihesabiwi, kwa hiyo bibi anayedhani amezidi kipato mara nyingi hajazidi. Sheria ilipoanza, kipato kikiwa hakijapita 8,000 ulipata hiyo 1,000 yenyewe; kati ya hapo na 15,000 ulipata 770; kisha 460, kisha 380; sasa viwango hivyo vya kipato navyo vinapanda kila mwaka. Pesa zinatoka kwenye bahati nasibu ya jimbo na mashine za kamari. Mchungaji wangu nilimweleza hilo akanyamaza kidogo, akasema, "Basi chukueni."

Mwisho wa kupeleka ni Juni 30, na miaka mingi wanasogeza hadi Desemba 31, ila usitegemee hivyo.

Wanjohi_wa_Burgh

Hapo umenimaliza. Mama yangu ana 71. Kesho asubuhi.

KobeMjanja

Mimi bado nina shaka. Mtu akikujazia fomu leo, keshokutwa atakuja kukuomba kura. Hii ni kampeni ya mwaka mzima, tofauti ni kwamba haina fulana na kofia.

Bwana_Kumbukumbu

Kobe, una hoja, tena historia ya hapa inakubeba. Nimekaa Pennsylvania toka miaka ya 90, nimeyaona. Kulikuwa na kashfa waliyoiita Bonusgate: watumishi wa bunge walilipwa bonasi kwa pesa ya umma kwa kazi ya kampeni. Mike Veon, aliyekuwa kiongozi wa juu wa Wademokrasia kwenye Baraza, alitiwa hatiani 2010. Ukadhani ni chama kimoja? John Perzel wa Republican, Spika wa zamani, alikiri makosa 2011 kwa kutumia pesa ya umma kununua teknolojia ya kampeni. Mwaka uliofuata Bill DeWeese, naye Spika wa zamani, Mdemokrasia, akatiwa hatiani kwa kuwatumia watumishi wa bunge kwenye kampeni zake. Wote walifungwa.

Ndiyo maana leo ukiingia ofisi hizi ukamwuliza mtumishi "nimpigie nani kura?" anakuangalia kama umemtegea mtego. Na kabla ya uchaguzi utaona zile karatasi za mbunge kwenye sanduku la posta zimekata, kwa sababu hairuhusiwi kutuma kwa wingi kwa pesa ya umma wakati huo. Zinazokuja hapo ni za kampeni, na chini zimeandikwa nani amelipia. Soma herufi ndogo za chini.

Kwamba anasaidia ili apendwe, hilo kweli. Mimi ananitosha. Mwenye duka naye anakuchekea ili urudi.

NeemaK

Samahani kuuliza, jamani. Mimi ombi langu la grinikadi liko kimya tangu mwaka juzi. Naweza kwenda hapo kwa huyu mbunge wa karibu?

MtuWaGhala

Dada Neema, hapana, na hapa ndipo wengi tunapotea. Uhamiaji, pasipoti ya Marekani, Social Security yenyewe, mambo ya askari wastaafu: hayo ni ya Washington. Kwa hayo unakwenda kwa mbunge wa Congress wa eneo lako (Pennsylvania tuna 17) au kwa mmoja wa maseneta wetu wawili wa kule. Watakupa karatasi ya kusaini inayowaruhusu kuulizia faili lako, kwa sababu sheria ya faragha ya 1974 inaizuia idara kumpa mtu mwingine habari zako bila idhini yako. Bila sahihi hiyo hawawezi hata kusema kama faili lipo. Na ujue wanaulizia tu. Hawaamui.

Ya Harrisburg ni leseni ya udereva na kadi ya gari, malipo ya kukosa kazi, Medicaid (matibabu ya wenye kipato kidogo) na SNAP (msaada wa chakula), msaada wa kupasha nyumba joto wa LIHEAP, cheti cha kuzaliwa cha mtoto aliyezaliwa hapa, leseni za kazi kama uuguzi na ususi. Taka zisipozolewa, hiyo ni ya jiji au kitongoji chako. Shimo barabarani linategemea barabara ni ya nani, maana jimbo lina zake kama maili 40,000, na kwa hizo kuna nambari 1-800-FIX-ROAD. Hata ukikosea mlango, ofisi nzuri itakupa nambari ya mlango sahihi. Yangu ilifanya hivyo.

NeemaK

Asante kaka. Na wanauliza makaratasi? Yaani wakiona mtu hana uraia?

MtuWaGhala

Mimi waliniuliza anwani tu, kujua kama niko eneo lao. Mama mkwe ana grinikadi, hakuna aliyemuuliza uraia wala kama anapiga kura. Ila niseme ukweli dada yangu: kama mtu hana hadhi yoyote au kesi yake iko mahakamani, aanze kwa wakili wa uhamiaji. Mtumishi wa mbunge si wakili, na siri unayompa si siri ya wakili.

Na jambo moja nalisisitiza hata kama nitaonekana mzee: kwenye jarida la mbunge kila msimu kuna tangazo la kujiandikisha kupiga kura. Kama hujawa raia, USIJIANDIKISHE, hata mtu wa mezani akikusukumia fomu kwa tabasamu. Wapo waliojiandikisha kwa kutoelewa, wakaja kuulizwa siku ya mahojiano ya uraia.

MamaFuraha_Erie

Niongeze kuhusu lugha. Tusiwapeleke watoto kutafsiri. Niliona mama mmoja na kijana wake wa miaka kumi, wanauliza kuhusu Medicaid, swali likawa la ugonjwa wa mama, wa mambo ya wanawake. Mtoto akaangalia viatu vyake, akasema, "Mama anasema yuko sawa." Hakuwa sawa.

Ofisi ya msaada ya kaunti inatakiwa kukupa mkalimani bure, kwa simu, na Kiswahili kipo. Sema tu "Swahili, please" na ukae. Ofisi ya deputé inategemea, yetu wanaita mkalimani kwa simu ukiwaambia mapema. Na ukiwa Mkongo, sema unataka Kiswahili cha Kongo. Siku moja walinipa mkalimani, nafikiri wa Zanzibar, Kiswahili kitamu kama halua, nikaelewa nusu.

Mzenji_Philly

Hahaha dada, tusameheane. Na sie tukisikia "bandugu" tunasimama kwanza.

Bwana_Kumbukumbu

Kuhusu hilo jarida la barua pepe: jiandikisheni. Mengi humo ni picha za mheshimiwa ameshika hundi kubwa kama mlango, mbele ya gari la zimamoto. Hizo ruzuku ni kodi yetu, yeye anapiga picha tu. Pitisha kidole. Chini ya picha ndiyo kuna mambo: lini LIHEAP inafunguliwa, lini ofisi itahamia maktaba kwa siku moja kuwafuata watu wa vijijini, siku ya kukagua viti vya watoto vya gari.

Na wakati wa mgogoro nilisoma kila neno. Bajeti ya 2025 ilitakiwa ipite Juni 30. Gavana Josh Shapiro akaisaini Novemba 12. Miezi minne na zaidi shule na kaunti zinangoja pesa. Baraza lenyewe lilikuwa 102 kwa 101, kiti kimoja tu kilitenganisha vyama. Mwanangu anafanya kazi kituo cha watoto kinachotegemea kaunti, tulikuwa tunasoma jarida la mwakilishi wetu na la seneta wetu kwa pamoja, vyama tofauti, kila mmoja anamlaumu mwenzake. Ukiyaweka mawili pembeni kwa pembeni ndiyo unapata picha kamili.

KobeMjanja

Sawa, nimelegea. Ofisi yangu naipataje bila kuuliza mtu?

MtuWaGhala

Ingia palegis.us, andika anwani yako, itakupa mwakilishi na seneta wa jimbo. Nenda kwa yeyote, ila usipeleke shida moja kwa wote wawili kwa siku moja, wote watapigia simu idara ileile na kuchanganyana. Piga kwanza, maana nyingi ni saa 3 asubuhi hadi saa 11 jioni na wanafunga mchana kula. Beba kitambulisho, barua zote ulizopokea kuhusu shida hiyo hata zile ulizozikunja kwa hasira, na nambari ya faili kama ipo.

Na kuna kitu kingine yule mama wa mapokezi alitufanyia kabla hatujaondoka, nilisahau kukiweka juu. Aligeuza kompyuta akasema, "Tuangalie kama kuna pesa zenu." Hazina ya Pennsylvania inashika zaidi ya dola bilioni 4 za watu waliohama wakaacha amana ya umeme, hundi ya mwisho ya mshahara, akaunti ndogo ya benki. Kampuni ikishindwa kukupata, kwa kawaida baada ya miaka 3, inapeleka huko. Kuna sheria ya 2024 inayowaruhusu kurudisha wenyewe hadi dola 500 bila wewe kudai, kwanza inakuja barua kisha hundi. Barua hiyo ikija, msiichane na lori la Mama Furaha mkidhani ni matapeli. Kutafuta ni bure kwenye tovuti ya Hazina, na anayetaka asilimia akutafutie, mwambie umeshapata.

Mama mkwe hakuwa na kitu. Kisha yule mama akasema, "Ngoja, nijaribu majina yakiwa yamegeuzwa." Bado hakuna. Lakini nimejifunza kujaribu.

NeemaK

Nimejaribu sasa hivi. Jina langu sawasawa: hakuna.

Nimeweka la baba mbele: hakuna.

Nimeliandika kama lile karani alivyolikosea mara ya kwanza, bila "h" na bila "w": lipo. Anwani ni ya ile nyumba ya ghorofa tatu tuliyofikia tukiwa sita kwenye vyumba viwili, na jina la kampuni ni la gesi.

KobeMjanja

Neema, usilale. Mimi nimefungua ukurasa, naanza na jina la marehemu mzee wangu. Kulikuwa na namna nne za kuliandika.

MtuWaGhala

Jaribu zote nne.